Mshikaji wa Vipande

Fundi wa kuchomelea husifiwa kwa mshono wake. Anayeshika vipande visisogee hakumbukwi. Mimi niliuanza ufundi mjini Bukoba nikiwa mshikaji, na kazi hiyo naiheshimu mpaka leo.

Chuma kikipata moto huwa chekundu, kikakuonya. Alumini haionyi. Huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 hivi bila kubadili rangi, ilhali utando wa oksidi juu yake huhitaji zaidi ya nyuzi 2,000. Tena hutanuka karibu maradufu ya chuma. Kwa hiyo mkono na koleo havitoshi. Vipande husuguliwa kwa brashi ya waya, hubanwa kwenye jiriwa, hushikizwa kwa nukta ndogo ndogo, ndipo mshono upitishwe.

Mvuvi mmoja kutoka Bumbire, kisiwa cha Muleba, alituletea kishikio cha injini ya mashua kilichopasuka. Alitaka kurudi ziwani jioni ile ile. Fundi wangu hakukubali kuharakishwa. Kipande kimoja alikikaza sana, cha pili akakiachia nafasi kidogo.

“Kijana,” aliniambia, “ukikinyima pa kusogea, kitapasuka kikipoa.”

Mvuvi alilala mjini amenuna. Lakini injini ikizama katikati ya Ziwa Victoria, mtu hukosa hata njia ya kurudi kwake.

Nimelea watoto tangu hapo. Wakiwa katika moto wa ujana nimewashika imara, nikiwaachia pa kusogea. Na wewe msomaji, walio mikononi mwako umewakazaje?