Mlango wa Bahari: Kutoka Bandari ya Kale hadi Pemba



Anayeteremka kutoka Ngome ya Yesu kwa barabara ya Mbarak Ali Hinawy, akaupita Msikiti wa Mandhry, hufika Bandari ya Kale. Hapo ndipo yalipokuwa yakitia nanga majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Ghuba na Hadhramaut, yakileta tende na mazulia, kisha kurudi na kusi yamebeba boriti za mikoko. Sisi tuliokulia mitaa hii tuliujua msimu kwa harufu ya bandari kabla hatujaijua kalenda. Hata enzi hizo hakuna nahodha aliyeshusha mzigo kabla ya kwenda forodhani, basi asidhani mtu kwamba kukaguliwa ni jambo lililoletwa juzi.

Kilichobadilika ni kuwa Pemba imekuwa ng'ambo. Kwa wazee wetu haikuwa hivyo, kwani ukanda huu wa pwani ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, ukitawaliwa na Waingereza kwa niaba yake tangu 1895 hadi 1963. Mwaka 1976 Kenya na Tanzania zikakubaliana mpaka wa baharini. Nasaba haikukatika, shangazi yuko Wete na mpwa yuko Kibokoni, ila baina yao sasa pana mlango usioonekana kwa macho.

Dada mmoja wa mtaani kwetu aliupita mlango huo bila kubisha. Alifikiwa na habari ya kufariki mama yake mdogo huko Pemba, akapanda mashua ya kukodi pamoja na wanawe wawili. Nahodha, kwa kuhofia maji kupwa, aliwashusha ufukweni karibu na kijiji cha wafiwa. Khitma ilipokwisha, akataka kurudi kwa ndege kutoka Unguja. Ofisa akaifungua pasipoti, akautafuta mhuri wa kuingilia, asiuone. Watoto hawakuwa na hati yoyote. Akawekwa kando kama mkosaji, naye alikwenda kuzika. Tulipigiwa simu usiku, na zilipita siku kumi na moja, na fedha zisizokuwapo, kabla hajarudi kwake.

Tuseme basi yanayotakiwa. Safari ya chombo cha binafsi huanzia kwenye afisi za uhamiaji na forodha mahali pa kuondokea, iwe Mombasa au Shimoni. Abiria wagongewe mhuri wa kutoka, na nahodha apewe hati ya ruhusa ya chombo, pamoja na orodha ya majina ya wote waliomo. Upande wa pili, chombo kielekee kwanza bandari yenye maofisa, kama Wete au Mkoani, si ufuo wowote ulio karibu na nyumba ya shangazi. Desturi ya mabaharia wa dunia nzima ni kupandisha bendera ya manjano na kungoja. Nahodha hushuka peke yake na pasipoti zote, na wengine hubaki chomboni hadi waruhusiwe. Kungoja huku kunachosha, hasa penye watoto wachanga na jua la mchana, kwa hiyo maji na chakula vichukuliwe vya kutosha.

Mkenya hahitaji viza kuingia Tanzania, lakini mhuri anauhitaji. Kitambulisho kinachomfikisha Uganda na Rwanda hakimfikishi Pemba. Lazima awe na pasipoti au kibali cha muda cha kusafiria. Kila mtoto awe na yake, hata anayenyonya. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano nacho kiwepo, na chanjo ichomwe siku kumi kabla ya safari. Aliyekwisha kuchanjwa asirudie, kwani tangu 2016 cheti hicho hutumika maisha yote.

Wakati wa kurudi, akina mama, tahadharini na zawadi. Karafuu za Zanzibar hununuliwa na kusafirishwa nje na shirika la serikali peke yake, na magendo yake kuja pwani ya Kenya yamewafunga watu wengi. Kipolo anachokutilia mjomba kwa mapenzi kinaweza kukupeleka mahakamani.

Wako watakaosema bahari ni ya Mungu. Ni kweli, lakini wanazuoni wa fiqhi huihesabu ruhusa ya kuingia nchi ya watu kuwa ahadi baina ya mgeni na mwenyeji. Tena tumeona karatasi inavyofuata vizazi. Wapemba waliovuka zamani kuja kuvua Kwale na Kilifi walizaa na kujukuu hapa bila vitambulisho. Mtoto alisoma akakwama, na mvuvi akaogopa kila askari. Haikuwa hadi 2023 ndipo serikali ya Kenya ilipowatambua kuwa miongoni mwa makabila ya nchi hii.

Yule dada anayo harusi ya mpwa wake huko Wete, kaskazi ikitulia. Pasipoti za wanawe zimekwisha kutoka, amezifunga ndani ya mfuko wa nailoni zisirowe. Nahodha naye ameambiwa mapema kuwa watashukia bandarini, hata maji yakiwa yamekupwa na ikabidi kulala chomboni.