Kufumba Macho si Uvivu

Masika ya mwaka ule yalikuwa mazito. Mto Kilombero ulifurika, na uwanja ambao binti yangu hufanyia mazoezi hapa Ifakara ukageuka bwawa. Yalibaki majuma matatu tu kabla ya mashindano ya mpira wa pete, naye ndiye mfungaji wa timu ya shule.

Jioni moja nilirudi kazini nikamkuta barazani amefumba macho, vidole vikichezacheza hewani. Chungu cha wali kilikuwa hakijainjikwa. Nikamkaripia kwa uvivu.

Akainuka kwa adabu. “Shikamoo baba. Si uvivu, nafunga mabao.”

Nikazidi kuhamaki. Mama yangu mzazi, aliyekuwa akipepeta mchele, akacheka. “Mwanangu, umemsahau marehemu baba yako? Mto ukijaa, alichutama ukingoni akauvuka kwanza moyoni: upondo utagusa chini hapa, mkondo utamvuta pale. Ndipo aliposhika mtumbwi.”

Nikanyamaza.

Baadaye nilisoma kwamba katika miaka ya 1930 mtaalamu wa Marekani, Edmund Jacobson, alipima misuli ya watu waliowazia tu kukunja mkono. Akaona misuli ile ile ikitoa umeme mdogo mno. Kumbe akili ikifanya mazoezi, mwili nao husikiliza.

Binti yangu hakuwaza kombe wala vigelegele. Aliwaza uzito wa mpira, magoti yanavyokunjwa, kifundo cha mkono kinavyolegea, kelele za watazamaji, na ile pete iliyo juu futi 10. Alikwenda kwa mwendo ule ule wa mchezo. Akijiona amekosa, alirudia hadi mpira uingie.

Hata hivyo, pumzi na nguvu za miguu hazipatikani barazani. Maji yalipopungua, alirudi uwanjani alfajiri na jioni.

Kombe hawakulipata. Lakini nilimwona akisimama chini ya pete katikati ya makelele, ametulia kama mtu aliyekwisha fika pale mara nyingi, akafunga. Usiku ule nilimwomba radhi.

Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ndugu mzazi, ukimkuta mwanao amekaa kimya, muulize kwanza anafanya nini. Huenda anavuka mto.