Nani anasemea mbuzi wa Kituku?

Goma, Kivu ya Kaskazini. Wengi wenu muliniuliza juu ya vile vikaratasi ambavyo vijana fulani waligawa katika soko ya Kituku mwaka wa 2024. Wengine mulicheka. Wengine mulikasirika, na nafahamu sababu yenu. Leo naandika yale niliyoyaona, na pia fasi ambapo mimi mwenyewe nasimama.

Vijana hao ni sita: wanafunzi watano na fundi mumoja wa kushona. Hawana ofisi wala mufadhili. Walichanga feza, wakapiga fotokopi 200, wakaanza kugawa Siku ya Posho asubuhi, saa mashua zinapofika kutoka Idjwi, Kalehe na Minova. Upande wa mbele kuna picha ya mbuzi mwenye miguu imefungwa pamoja, na maombi matatu: usimufunge miguu yote ine, umupe maji, usimutundike kuku kichwa chini. Upande wa nyuma kunasema kwamba nyama siyo lazima kila siku, kwamba maharagi, soya, karanga na sombe vinajenga mwili, na kwamba mutu anaweza kujaribu siku moja kwa juma, kisha kuongeza polepole.

Vita ilipokata barabara ya Sake mwanzoni mwa mwaka wa 2024, vitu vingi vilipitia ziwani, na Kituku ilijaa kuliko zamani. Watu na mizigo wanabanana katika mashua. Mbuzi wanalazwa chini, kati ya mifuko ya makala na mikungu ya ndizi. Mashua ikifika, mubebaji anashika mbuzi kwa miguu na kumutupa juu ya mawe. Kuku wanafungwa miguu kwa makundi, kisha motari anawatundika kwenye usukani wa pikipiki, vichwa vikiangalia chini, mupaka Birere ao Ndosho. Sisi sote tumeyaona hayo tangu utoto, na ndiyo sababu hatuyaangalii tena.

Nilimuuliza munganga mumoja wa wanyama kama kweli wanaumia. Alinieleza mambo matatu. Kuku hana ule ukuta wa nyama unaotenganisha tumbo na mapafu kama sisi. Ukimutundika kichwa chini, matumbo yanakandamiza fasi za pumzi, na anapumua kwa shida sana. Mbuzi naye, akilazwa ubavu kwa saa nyingi, hawezi kucheua wala kutoa hewa ya tumboni. Tumbo linavimba na anaweza kufa. Tena munyama aliyeogopa na kuteseka kwa muda murefu mbele ya kuchinjwa, nguvu ya misuli yake inamalizika, nyama inakuwa nyeusi, inanata, na inaoza haraka. Kwa hiyo hasara ni ya munyama, na ya muuzaji pia.

Niliyasema hayo kwenye redio. Simu zilikuwa nyingi, lakini neno ambalo sijasahau nililisikia kule kule sokoni. Mama mumoja mwenye kutoka Masisi, aliyeishi wakati ule katika kambi ya Bulengo, alipokea kikaratasi akanipa nimusomee, kwa kuwa aliniona na mikro. Nilisoma pande zote mbili. Akaniambia: "Muandishi, siye tunalala juu ya mawe ya volkano chini ya shiti. Nani aligawa karatasi juu yetu? Na hii ya kuacha nyama, uwaambie hawa watoto kwamba tulishaiacha. Kwa musaada tunapewa unga, maharagi, mafuta na chumvi. Tuliingia katika dini yao bila kuulizwa."

Watu walicheka sana. Vijana walikosa jibu. Kisha yule fundi akamuuliza kwa heshima: "Mama, nyumbani ulikuwa na mbuzi?"

"Saba," akajibu. "Siku ile tulikimbia, risasi zilikuwa karibu. Nilirudi nyuma ya nyumba nikazifungua kamba. Sikutaka zife zikiwa zimefungwa."

Hakuna aliyecheka tena. Mimi nimehoji watu wengi wenye kukimbia vita, na kila mara nauliza walibeba nini: mutoto, godoro, sufuria. Sikuwahi kuuliza walifungua nini. Wale wanaosema kwamba huruma kwa wanyama ni mambo ya watu wenye kushiba, wamufikirie huyu mama. Alikuwa na dakika chache tu, na moja aliitumia kwa mbuzi.

Vikaratasi vya namna hii havikuanzia kwetu. Huko Uingereza, Novemba 1944, vita kubwa ya dunia ikiwa bado inaendelea na chakula kikipimwa, Donald Watson na wenzake wachache walianzisha chama cha watu wasiokula kitu chochote kinachotoka kwa munyama. Ndipo neno vegani lilizaliwa. Marekani, mwaka 1993, Matt Ball na Jack Norris walianzisha shirika lililojulikana kwa kugawa vikaratasi kwa wanafunzi. Huko wanasemea hasa kuku waliojazwa kwa maelfu ndani ya nyumba moja, wanaochinjwa wakiwa na majuma sita hivi. Umoja wa Ulaya ulikataza vile vizimba vidogo vya zamani vya kuku wa mayai tangu 2012.

Mutasema hayo ni ya wazungu. Lakini inchi yetu inaagiza kuku wengi wa barafu kutoka ngambo. Paja unalonunua kwa feza kidogo linaweza kuwa limetoka katika nyumba kama hizo. Kuku wa Kituku tunamuona akitundikwa. Huyo mwingine hatumuoni hata kidogo.

Sasa, mimi nasimama wapi? Niliwaambia vijana wazi: upande wa mbele ni wa kila mutu, upande wa nyuma ni wa yule mwenye kuchagua. Kuchagua ni kwa mwenye sahani mbili. Siwezi kumuambia mama wa Bulengo amunyime mutoto yai, kama amelipata. Munganga pia alitukumbusha kwamba vitamini B12 haipatikani katika mimea. Anayeacha nyama, mayai na maziwa vyote anahitaji dawa yake ao chakula kilichoongezewa, na kambini hakukuwa nayo. Lakini sisi wenye mushahara, tunaoagiza michopo kila jioni kwa mazoea, karatasi ile inatuhusu. Nyumbani kwangu tunapika nyama mara moja kwa juma. Sombe na maharagi havijatuchosha.

Fotokopi za pili zimekwisha kutoka, na ombi la kwanza limebadilishwa. Sasa linasema: "Mufungue kamba." Motari mumoja amefunga kreti ya mbao nyuma ya pikipiki yake, kuku wanasafiri wakiwa wima, na wateja wameanza kumutafuta kwa sababu hakuna kuku anayekufa njiani.

Wenye kusafirisha wanyama kesho: muwape maji mbele ya kupanda mashua. Mbuzi atoshe kamba ya shingoni, asimame, asilazwe ubavu. Kuku mumuweke ndani ya kitunga ao kreti. Na ninyi mulioishi kambini, mukitaka kusema juu ya mifugo muliyoiacha nyuma, Siku ya Tatu saa kumi na mbili jioni simu ya redio iko wazi. Tutaanza na swali moja: siku ya kukimbia, ulifungua nini?