Nani Ameshika Kamba?



Leo sina mahubiri marefu. Nina ushuhuda, na ndani ya ushuhuda kuna toba. Mama ninayemtaja hapa nilimwomba ruhusa kabla ya kuandika. Akaniambia, "Andika, Pasta. Lakini andika yote." Basi ninaandika yote.

Wengi wenu mnajua kwamba mimi ni mlezi wa CU katika shule moja ya sekondari hapa Nakuru. Mwanzoni mwa mwaka vijana wa Kidato cha Tatu walinijia na ombi. Walisema wamechoka na safari za kukaa ukumbini na kusikiliza watu wazima wakiongea. Walitaka kwenda Hell's Gate, kule Naivasha, washuke mwamba kwa kamba. Mwalimu mkuu alikubali kwa sharti moja: "Pasta, wewe ndiye utakayepanga." Nikasema amina kabla hajafunga mdomo.

Kwa wale ambao hawajafika, Hell's Gate ni mbuga ya taifa tangu 1984, karibu na Ziwa Naivasha. Ukiingia tu unaona mwamba umesimama peke yake kama kidole. Unaitwa Fischer's Tower, kwa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyepita huko 1883. Una urefu wa mita 25 hivi, kama jengo la ghorofa nane. Kijana anavalishwa kofia ngumu na mikanda ya kiunoni na mapajani, anapanda akiwa amefungwa kamba, halafu anashuka kinyumenyume, miguu ikikanyaga ukuta wa mwamba.

Nilipanga kwa haraka. Wanafunzi 40, basi la shule, tarehe katikati ya likizo ya Aprili. Asubuhi mwamba, mchana tuteremke kwenye korongo tutembee na kuimba. Kulikuwa na bwana mmoja aliyesema ana kamba na vifaa vyote, na bei yake ilikuwa nusu ya bei za wengine. Nilipomuuliza kamba zake zina umri gani alicheka. "Pasta, kamba ni kamba." Nikacheka pia. Nikaona Bwana ametufungulia mlango.

Halafu nikagawa fomu za ruhusa kwa wazazi.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mama mmoja alinijia na fomu ya binti yake mkononi. Ni mama wa maombi, mnamjua, hakosi mkesha. Akaniambia, "Pasta, hata jina lenyewe ni Lango la Kuzimu."

Nikamjibu kwa mzaha kwamba tumeahidiwa katika Mathayo 16 kuwa malango ya kuzimu hayatalishinda kanisa. Waliokuwa karibu wakacheka. Yeye hakucheka. Akauliza, "Mtoto wangu akiwa juu pale, nani atakuwa ameshika kamba?"

Nikasema, "Mama, Yesu ndiye ameshika kamba." Watu wakaitikia amina kubwa.

Akaniangalia kwa utulivu. "Yesu namjua. Mimi nauliza mtu."

Wapendwa, sikuwa na jibu. Sikujua jina la mtu hata mmoja ambaye angeshika ile kamba. Lakini badala ya kusema sijui, niliona aibu mbele ya watu, na aibu yangu ikavaa joho la kiroho. Nikamwambia, "Mama, roho ya hofu haitoki kwa Mungu. Usimrithishe mtoto kutokuamini." Watu wakasema amina tena. Mama akaikunja fomu mara mbili, akaitia kwenye Biblia yake, akaondoka.

Jumatano hakuja kwenye maombi. Ijumaa hakuja kwenye mkesha. Jumamosi mzee mmoja wa kanisa alinipigia simu. Akaniambia jambo ambalo mimi, mchungaji wa mama huyo kwa miaka sita, nilipaswa kulijua. Kabla hajahamia Nakuru alikuwa na kijana wa kwanza. Kijana huyo alikufa maji kwenye matembezi ya shule. Walimu walikuwapo, na hawakuwa watu wabaya. Ila kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayehesabu watoto.

Niliketi kwenye kiti cha ofisi ya kanisa, simu ikiwa bado mkononi. Mama yule hakuwa na imani ndogo. Alikuwa anauliza swali ambalo lilimgharimu mtoto ili alijue.

Usiku huo nilifungua Luka sura ya 4. Nimehubiri sura hiyo tangu chuo cha Biblia, lakini usiku huo ilinihubiri mimi. Shetani anampandisha Yesu juu ya hekalu, anamwambia ajirushe, na anamnukulia Zaburi kwamba malaika watamchukua. Angalieni vizuri: andiko lililotajwa ni la kweli, na ahadi ni ya kweli. Lakini Yesu alikataa kuifanya ahadi ya Baba yake kuwa sababu ya kujirusha. Alisema kufanya hivyo ni kumjaribu Mungu.

Nikauliza moyo wangu: katika mazungumzo yangu na mama yule, ni nani aliyekuwa ananukuu andiko ili mtu aachilie mtoto kutoka mahali pa juu? Nilipata jibu, na sikulala.

Jumatatu nilimwendea mwalimu mkuu na kumwambia safari ya Aprili haipo. Wiki ile ile mimi na naibu wake tulisafiri hadi Naivasha, bila mwanafunzi hata mmoja, tukamtafuta mtu aliyesomea kazi hii. Nilimuuliza swali la yule mama: nani ameshika kamba?

Hakucheka. Alitoa daftari. Kila kamba yake ina ukurasa wake: ilinunuliwa lini, imetumika siku ngapi, ilikaguliwa lini. Alituambia jua huidhoofisha kamba, na mchanga ukiingia ndani hukata nyuzi zake polepole wakati nje inaonekana nzima. Ndiyo maana hakuna mtu anayeruhusiwa kukanyaga kamba yake. Nilimkumbuka yule bwana wa bei ya nusu, na yale maneno tuliyocheka pamoja.

Alituonyesha kwamba mwanafunzi hashuki kwa kamba moja. Kuna ya kushukia, na kuna ya usalama, ambayo inashikwa na mtu mwingine ambaye kazi yake yote ni huyo mtoto mmoja. Kamba hizo hazifungwi mahali pamoja tu, bali penye nguzo zaidi ya moja, ili moja ikilegea nyingine ibebe mzigo. Mtu akishafungwa mikanda, wa pili anakagua kila fundo na kila chuma, hata kama aliyefunga ni bingwa. Nywele ndefu zinafungwa nyuma, shali na mikufu vinabaki chini, maana vikiingia kwenye chuma cha kushukia vinanasa. Akatuuliza pia, nani ana pumu? Nani ana kifafa? Fomu yangu haikuwa na swali hilo.

Halafu tukapiga hesabu. Kila mwanafunzi anahitaji kama robo saa, kupanda na kushuka. Wanafunzi 40 ni saa kumi kwa njia moja, na saa tano kwa njia mbili. Ongeza mafunzo, chakula, na barabara ya kwenda na kurudi, na utajikuta unaharakisha watoto wa mwisho huku jua linazama na dereva anapiga honi. Ajali hupenda watoto wa mwisho. Tukaigawa safari kuwa mbili, wanafunzi 20 kila Jumamosi.

Mwisho nikamwambia kuhusu korongo, kwamba baada ya mwamba tungeteremka huko tukaimbe. Alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kama nakumbuka 2012.

Nilikumbuka, na mwili ukanisisimka. Aprili 2012, vijana wa kanisa walikuwa kwenye korongo lile lile, mafuriko ya ghafla yakawasomba, saba wakafariki. Septemba 2019 maji yalikuja tena, watu wengine hawakurudi nyumbani. Korongo ni jembamba na kuta zake ni ndefu. Mvua inaweza kunyesha mbali milimani, wewe ukiwa chini unaona anga nyeupe juu yako, na maji yakafika kabla hujapata pa kupandia. Simnyoshei kidole mtu yeyote, na familia zile nazibeba katika maombi. Najinyoshea kidole mimi. Nilikuwa nimechagua mwezi ule ule, wa mvua ndefu, niwapeleke vijana wa kanisa mahali pale pale, na kwenye ratiba yangu nilikuwa nimeandika "kuimba".

Sasa tunakwenda Julai. Korongo hatutateremka kabisa.

Kabla ya kuondoka, yule fundi aliniambia, "Pasta, huwezi kuwaagiza watoto mahali ambapo wewe hujashuka." Basi mimi, mwenye kitambi na miaka yangu arobaini na kitu, nilifungwa mikanda. Pale mwambani wamejaa pimbi, wale wanyama wadogo ambao Biblia yetu inawaita wibari. Mithali 30 inasema ni dhaifu, lakini wana akili ya kujenga nyumba mwambani. Walinitazama nikitetemeka, nikaona ni kweli wamenizidi akili.

Pale juu, hatua ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote. Mwili unataka kukumbatia mwamba, na ukiukumbatia miguu inateleza. Unatakiwa kuegemea nyuma, kwenye utupu, uamini kamba. Niligeuza kichwa nikamwona yule fundi na kamba mkononi, macho yake yakiwa kwangu na si kwa mtu mwingine. Hapo ndipo nilipoweza kuegemea. Niliwahi kudhani kwamba kujua nani ameshika kamba kunapunguza imani. Mwambani niligundua kwamba bila kujua nisingethubutu hata hatua moja.

Nikaona jambo lingine. Kamba inapopita kwenye ukingo wa mwamba wanaweka kipande cha turubai kuukuu chini yake, mwamba usiikate. Nikamkumbuka Ebedmeleki, yule Mkushi wa Yeremia 38. Yeremia alikuwa amezama kwenye matope ndani ya shimo. Ebedmeleki alipewa watu thelathini wa kumtoa mtu mmoja. Na kabla ya kushusha kamba alipita kwenye ghala, akachukua matambara makuukuu, akamwambia nabii ayaweke makwapani ili kamba isimuumize. Sikumbuki kama nimewahi kuhubiri juu ya matambara yale. Lakini Roho Mtakatifu aliona vyema yaandikwe. Mungu aliyemwokoa Yeremia alimwokoa kwa mkono wa mtu aliyefikiria makwapa.

Wapendwa, Mungu huyo huyo katika Kumbukumbu la Torati 22 aliwaagiza watu wake wakijenga nyumba waweke ukuta mdogo kuzunguka paa, mtu asianguke. Hakuwaambia waombe tu watu wasianguke. Kujenga ule ukuta kulikuwa sehemu ya utii wao.

Tuliporudi Nakuru nilikwenda nyumbani kwa yule mama, pamoja na mke wangu na naibu wa mwalimu mkuu. Nilimwomba msamaha mbele yao, kwa sababu nilimwaibisha mbele za watu. Nikamweleza kamba ni ngapi, nani anashika ipi, nani anakagua, nani yuko chini, na nani anahesabu watoto wakipanda basi na wakishuka. Alisikiliza hadi mwisho. Aliuliza maswali manne, na mawili sikuyajua, nikayaandika.

Fomu ilikuwa bado ndani ya Biblia yake, imekunjwa mara mbili. Aliitoa akaiweka mezani. Hakuisaini.

Akasema, "Nimekusamehe, Pasta. Lakini usinisukume. Kama nitasaini sijui. Ila siku hiyo, binti yangu akienda asiende, mimi nitakuwa kwenye basi. Nitahesabu watoto."

Hadi leo hajasaini, nami simuulizi. Lakini kwenye orodha ya safari, mahali palipoandikwa "mwenye kuhesabu", jina lake ndilo la kwanza.

Mpendwa unayesoma, kuna mtu amekuuliza swali la kamba nawe ukamjibu kwa andiko ili anyamaze? Labda ni mke wako anauliza pesa za chama ziko wapi. Labda ni mzazi anauliza nani atalala na watoto kwenye kambi ya kanisa. Usimwambie hana imani. Nenda ukatafute jibu, kisha urudi na jibu na msamaha.

Na wewe uliyenyamazishwa kanisani kwa sababu uliuliza, mimi mchungaji nakuomba radhi. Endelea kuuliza.

Tuombe. Baba, tusamehe pale tulipotumia jina lako kuficha uvivu wetu. Wafariji wazazi wote ambao mtoto wao alitoka kwa safari asirudi. Tupe mikono inayoshika kamba na macho yasiyochoka kuhesabu. Na vijana wetu Julai uwapandishe na uwashushe salama, kwa mkono wako na kwa mikono uliyotupa. Katika jina la Yesu, amina.

Ukiwa umeomba nami, andika amina, na utaje jina la mtoto mmoja unayemshikia kamba wiki hii.