Sauti ya Mbao

Besi hii aliniachia mjomba. Ni ile kubwa ya kusimama. Makanga hunitoza nauli ya watu wawili. Ina nyuzi za utumbo wa kondoo, na hizo sizitoi.

Kwa hivyo pikapu ya sumaku nikaisahau mapema: sumaku husikia chuma, haisikii utumbo. Nikajaribu maikrofoni. Mazoezini, poa kabisa. Kwenye baa ikanasa ngoma zote, halafu ikaanza kuvuma hadi watu wakaziba masikio.

Nikabaki na piezo, kipande kidogo kinachobanwa kwenye kile kibao kinachobeba nyuzi, kinasa mtetemo wa mbao yenyewe. Nikiichomeka moja kwa moja kwa ampu, sauti ilitoka nyembamba kama ya mkebe. Fundi akaniambia inataka priampu, ya megaomu 1 kwenda juu. Nikauza simu, nikainunua.

Jumamosi nikacheza. Si ile sauti ya sebuleni kwa mjomba, siwezi kukudanganya. Lakini anti, mjane wake, alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na jikoni. Tulipomaliza akanishika mkono.

“Miaka yote hiyo nilikuwa namwona tu mjomba wako akicheza,” akasema. “Leo nimeisikia.”