Moto wa Gesi Mbele ya Bunge

Basi la usiku kutoka Toronto lilinishusha Ottawa alfajiri ya Jumatatu, Mei 27, 2024. Nilikuwa nimeishi Kanada miaka minne bila kukanyaga mji mkuu wake, ambao hauko hata kilomita 500 kutoka kwangu. Ziwa Ontario tuliambaa nalo usiku kucha na sikuliona, giza lilikuwa zito. Mkobani nilikuwa na chapati mbili, chupa ya maji, nakala ya muswada mmoja wa sheria, na bili ya gesi ya nyumba tunayopanga watu wanne.

Bili ndiyo iliyonitoa nyumbani. Ilikuwa na mstari wa tozo ya kaboni, na mstari huo ulikuwa umenona. Aprili Mosi mwaka ule tozo ilipanda kutoka dola 65 hadi 80 kwa tani ya hewa ukaa, yaani senti 15.25 kwa kila mita ya ujazo ya gesi ya nyumbani, na zaidi ya senti 17 kwa lita ya petroli. Kazini kwetu uwanja wa ndege, tunakopakia mizigo, hapakupita zamu bila ubishi juu yake. Mwenzetu mmoja mtu mzima, mzaliwa wa kisiwa cha Newfoundland, mashariki kabisa mwa Kanada, alinisikia nikilalamika akaniambia niende nikawasikilize wabunge wenyewe. "Ila usisikilize kaboni peke yake," aliniambia. "Sikiliza na habari za bahari."

Hakujua anamwambia nani. Mimi ni mtoto wa Mtwara. Mei 22, 2013, bajeti ya Nishati na Madini iliposomwa Dodoma, nilikuwa kijana wa sekondari, tumejifungia ndani, redio katikati ya sebule. Tulitaka kusikia jambo moja: gesi ya kwetu itatuachia nini kabla haijaingizwa kwenye bomba la kwenda Dar es Salaam? Tuliyoyasikia hayakututosha. Jioni ile mji uliwaka, na kuna waliopoteza maisha. Tangu siku hiyo, sauti ya mbunge akizungumzia rasilimali siwezi kuisikia kama kelele za redio tu.

Kitu cha kwanza nilichokutana nacho kwenye kilima cha Bunge kilinisimamisha: moto unaowaka katikati ya maji. Ni mwenge wa gesi asilia uliowashwa kuadhimisha miaka 100 ya shirikisho, na maji ya chemchemi yanauzunguka bila kuuzima. Ukiinama unaona mapovu ya gesi yakipanda na ndimi ndogo za moto zikiruka juu ya uso wa maji. Pembezoni kuna ngao za majimbo, kila moja na mwaka wake wa kujiunga. Nilizunguka polepole hadi nikaikuta ya Newfoundland, 1949. Wageni walikuwa wakitupa sarafu ndani. Nami nikatupa yangu.

Jengo kuu lenye mnara limefungwa kwa ukarabati, kwa hiyo tangu Januari 2019 wabunge wanakutana katika jengo la magharibi, kwenye ua wa zamani uliowekewa paa la kioo. Ulinzi ni kama wa uwanja wa ndege. Simu nikaiacha, mkoba nikauacha, nikapanda jukwaa la wageni. Mwanga wa jua ulishuka moja kwa moja hadi kwenye zulia la kijani. Kwenye kiti changu palikuwa na kisikizio cha sikioni. Unachagua Kiingereza au Kifaransa.

Saa nane na robo mchana Kipindi cha Maswali kikaanza. Aliyezoea Bunge la Dodoma angetafuta mwongozo wa Spika, taarifa, na meza kupigwa. Pale mtu anauliza kwa sekunde 35 na kujibiwa kwa sekunde 35, wenzake wanasimama kumpigia makofi, ng'ambo wanazomea. Upinzani ulishika neno moja: futeni kodi ya kaboni. Serikali nayo ikashika lake: familia nyingi hurudishiwa zaidi ya wanacholipa. Kila upande ulikuwa umeshika nusu ya bili yangu, na hakuna aliyeziweka nusu mbili pamoja mezani.

Mimi niliziweka. Ontario wakati ule mtu asiye na familia alirudishiwa dola 140 kila miezi mitatu. Sina gari, na tozo ya gesi ya nyumbani tuligawana wanne, kwa hiyo nilikuwa napata faida. Mwenzangu anayetoka kijijini na gari kubwa kila alfajiri hesabu yake ilikuwa nyingine. Na Oktoba 2023 serikali ilisimamisha tozo kwa miaka mitatu kwenye mafuta ya kupashia nyumba joto, ambayo hutumiwa sana majimbo ya Atlantiki, huku sisi wa gesi tukiendelea kulipa. Naamini kuchafua hewa kulipiwe. Lakini ukimsamehe mmoja na jirani yake ukamwacha, umeibomoa sheria yako kwa mkono wako. Jambo hilo lilistahili saa nzima ya maelezo, likapewa sekunde 35.

Lililonigusa mwilini lilikuwa la wafanyakazi. Muswada wa C-58 ulikuwa umefika hatua ya mwisho siku hiyohiyo. Unawakataza waajiri walio chini ya serikali kuu, kama viwanja vya ndege, bandari, reli na benki, kuleta watu wa kushika nafasi za waliogoma au waliofungiwa nje. Faini inafika dola 100,000 kwa siku. Quebec wana katazo kama hilo tangu 1977.

Mgomo ninaujua. Kampuni ya kwanza iliyoniajiri tuliigomea majuma matatu, kwenye baridi, tukizunguka pipa la moto. Siku ya nne magari yenye vioo vyeusi yakaanza kuwapitisha watu wa kufanya kazi zetu. Moja lilikwama mbele yangu, kioo kikateremka kidogo, na kijana mmoja akanisalimia kwa Kiswahili cha Bukavu. "Kaka, unisamehe. Niko na watoto." Nami sikuwa na neno la kumjibu. Alikuwa mgeni kama mimi, na mwajiri alikuwa amemgeuza rungu la kunipigia. Wanaosema katazo lile linawabeba wafanyakazi kupita kiasi hawajawahi kusimama kwenye lango lile, wala hawajakaa ndani ya gari lile.

Matokeo ya kura ya C-58 niliyasoma kwenye simu nikiwa kwenye basi la kurudi: 316 dhidi ya sifuri. Bunge nililoliona mchana likizomeana halikutoa hata kura moja ya hapana. Nikaegemeza kichwa kwenye kioo, nikamkumbuka yule kijana.

Kisha nikatoa ile nakala mkobani. Ulikuwa muswada wa C-49, wa bahari. Mwenzangu wa Newfoundland alikuwa amenisimulia kwa nini kwao bahari si maneno matupu: Februari 15, 1982, mtambo wa kuchimba mafuta wa Ocean Ranger ulizama katika dhoruba na watu wote 84 waliokuwamo wakafa. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba mafuta ya eneo la Hibernia, mamia ya kilomita kutoka pwani, ni mali ya serikali kuu. Kisheria wenyeji walikuwa wameshindwa. Ila Februari 11, 1985, Waziri Mkuu Brian Mulroney na kiongozi wa jimbo Brian Peckford walitia saini Mkataba wa Atlantiki. Ukaandika wazi kwamba jimbo ndilo mnufaika mkuu wa mafuta na gesi ya pwani yake, na bodi ya kuyasimamia ikawa ya pande mbili. Mafuta ya Hibernia yalianza kutoka mwaka 1997.

Niliyarudia moyoni maneno "mnufaika mkuu" mara mbili, mara tatu, taa ndogo ya basi ikitikisika juu yangu. Sebuleni kwetu mwaka 2013 tulikuwa tunayatafuta maneno hayo, na hatukujua hata kuyaita.

C-49 uliongeza upepo wa baharini kwenye mamlaka ya bodi hiyo na ya mwenzake wa Nova Scotia. Wabunge wa chama cha Wahafidhina huko Ottawa waliupinga, wakihofia leseni za mafuta zitakwama. Kiongozi wa Nova Scotia, naye ni Mhafidhina, aliuunga mkono, kwa sababu upepo uko kwake. Ottawa peke yake isingeweza kuukamilisha: kila jimbo lilipaswa kupitisha sheria pacha katika Bunge lake, ndipo mambo yaende. Ulitiwa saini Oktoba 2024, na bodi zote mbili zikabadilishwa majina mwaka 2025.

Yale mengine yamekwenda kila moja na njia yake. Tozo ya kaboni kwa walaji iliwekwa sifuri Aprili Mosi 2025, na bili yangu haina tena ule mstari. Sheria ya wafanyakazi ilianza kutumika Juni 20, 2025.

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, mazungumzo ya gesi ya bahari yetu yamechukua miaka mingi, na siku moja mkataba utawekwa mezani. Mbunge wenu akija kuomba kura, mwulizeni ni kifungu gani kinachowataja ninyi, na kimeandikwa kwa maneno gani.