Beji ya mzee si chuma chakavu

Mama mmoja mhami alinionyesha kipande cha shaba alichokifunga kwenye pindo la kikwembe tangu alipokimbia kijiji chake. Mchuuzi wa vyuma alitaka kumlipa franga 500. "Mwanangu wa redio, hiki ni kitu gani? Baba alirudi nacho kutoka vita vya Burma."

Mimi hukusanya beji za kofia za askari wa Uingereza. Ninazo kumi na moja. Hii niliitambua haraka: mzinga wenye magurudumu, taji juu, na neno UBIQUE. Ni ya kikosi cha mizinga, Royal Artillery. Kisha nikatazama taji. Matao yake yanapanda mviringo, ndilo taji la wafalme wa wakati ule. La Malkia Elizabeth wa Pili, aliyeanza kutawala 1952, lilibonyea katikati. Basi umri wake unakubaliana na vita vile.

Lakini beji haisemi kwamba mzee alikuwa mpiga mizinga. Wakongomani waliokwenda Burma walihudumu katika hospitali ya kijeshi, wakitibu majeruhi wa upande wa Waingereza. Na askari hupeana zawadi. Mama akakumbuka: baba yake alisimulia habari za kufunga vidonda.

Nilimwomba asiisugue tena kwa majivu, herufi zitafutika. Akauliza maana ya neno lile. Ni Kilatini: "kila mahali."

"Kama sisi wahami," akasema, akaifunga tena kwenye kikwembe.

Wasikilizaji, kabla ya kuuza kitu cha mzee, ulizeni kwanza alikipata namna gani.